Hema la juu ya pikapu: nifunge au niachane nalo? (Malindi)

Dabokebini

Wanajamvi, hamjambo. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa na mke wangu amechoka kulisikia, kwa hiyo nalileta hapa.

Nina D-Max dabo kebini. Ni gari ya kazi, si ya fahari. Siku za wiki inabeba saruji, mabati na mabomba, na msimu wa maembe inapanda Marafa kurudi imejaa mpaka juu. Nyuma iko wazi, haina kanopi. Sasa jirani yangu Mtaliano anafunga nyumba arudi kwao na anauza kila kitu: feni, jenereta, viti vya baraza, na hema lile la kufunga juu ya gari, la kitambaa, linalokunjuka na kuteremsha ngazi. Anataka 90,000. Nilipanda pale pale uani kwake nikalala chali dakika kumi. Wallahi nilijiona niko Tsavo tayari.

Safari ninazozifikiria ni tatu. Kwanza Tsavo Mashariki kwa kuingilia lango la Sala, maana kutoka hapa ni kama kilomita 110 tu, na ni aibu mtu kuzaliwa Malindi akafika miaka 41 bila kumwona ndovu. Pili Marafa, kulala karibu na Nyari watoto waone yale magenge jua likizama. Tatu Lamu kwa mamamkwe.

Tuko wanne: mimi, mke, kijana wa miaka 9 na binti wa miaka 5. Maswali yangu: paa la gari litahimili? Nilifunge juu ya kebini au nyuma juu ya bodi? Na je, hii hewa yetu ya chumvi haitalimaliza?

BintiAmu

Shemeji, hema la Lamu utamfunga punda?

Gari inaishia Mokowe. Unaiacha pale, unapanda boti, na lile hema la 90,000 linabaki jetini likiota jua huku wewe umelala kwa mamamkwe kwenye kitanda cha besera. Halafu mkwe aje amwone mume wa bintiye analala juu ya gari kama kuku kwenye kitundu? Safari ya tatu ifute. Zimebaki mbili.

Dabokebini

😂 Haya, nimefuta.

Fundi_Maweni

Kaka, nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu kazi ya kufunga hizi keria nimeifanya, na makosa nimeyaona ni yale yale.

Watu huuliza "paa litahimili?" wakifikiria uzito wa watu waliolala. Sipo. Gari ikiwa imesimama, paa linabeba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani, ndiyo maana watu wazima wawili na watoto wanaweza kulala juu na pasitokee kitu. Shida ni gari ikitembea. Kitabu cha gari yako kina nambari ya mzigo wa paa; ile ni ya gari ikiwa mbioni, na huwa ndogo. Tuseme kimeandika kilo 75. Hema lenyewe liwe kilo 60, keria kilo 25, tayari umepita na hujaweka hata mkeka. Na kilo hizo zikiruka kwenye barabara yenye mawimbi kama bati, kila zikitua zinagonga kwa nguvu kushinda uzito wake. Sijaona paa limeporomoka. Nimeona mifereji ya paa imepasuka rangi, maji yakaingia, na mwaka uliofuata pana kutu pa kupitisha kidole.

Kwa hiyo juu ya kebini, hapana. Weka nyuma, juu ya bodi, kwenye fremu inayosimama kwenye kingo za bodi. Bodi ya pikapu imetengenezwa kubeba, na gari yako inabeba karibu tani. Kilo mia za hema na fremu si kitu kwake kama zimekaa chini. Halafu fanya fremu isizidi urefu wa kebini. Hilo ndilo la maana kuliko yote, na watu hulipuuza. Hema likisimama juu ya kebini, uzito umepanda mita mbili kutoka ardhini. Ukikwepa mbuzi ghafla njia ya Gongoni, gari inalala kama jahazi lililopakiwa vibaya. Likiwa nyuma ya kebini, usawa mmoja nayo, upepo haulikamati sana na mafuta hayapotei ovyo.

Kanopi ya faiba usiifikirie hata kidogo, isipokuwa iwe na fremu ya chuma ndani.

Sasa chumvi. Fremu nitakuchomelea ya bomba la pembe nne la inchi moja na nusu, lililopakwa zinki, na kila nilipochomelea nisage kwa grainda, nipake praima, kisha rangi mbili. Ndani ya bomba nako lazima rangi iingie, la sivyo kutu inaanzia tumboni huoni. Reli za hema ni alumini, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu ananunua boliti za stenlesi kwa bei ghali akidhani ameokoka. Alumini ikikutana na stenlesi penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni alumini. Utakuta boliti inang'aa kama mpya na tundu lake limekuwa unga mweupe. Weka washa za plastiki katikati, paka grisi, na nati ziwe zile zenye nailoni ndani, maana za kawaida zitafunguka kabla hujafika Sala.

Fremu peke yake na kazi yangu, 28,000.

Mwana_wa_Mambrui

Fundi amesema ya chuma, mimi niseme ya kitambaa.

Nilikuwa nalo miaka miwili. Siku ya kwanza nililifungua ufukweni huku kwetu, mwezi wa saba, kusi imepamba moto. Nililiegesha gari ubavu kwa upepo. Kaka, lile turubai la juu lilipiga usiku kucha kama tanga lililokatika kamba. Sikulala. Saa tisa nikashuka, nikawasha gari na hema likiwa wazi, nikaizungusha polepole pua ielekee baharini, na hapo ndipo nikapata usingizi wa saa mbili. Tangu siku hiyo naangalia upepo kabla ya kuangalia mandhari.

La pili ni koga. Hema la chini likilowa unalianika kambani. Hili la juu asubuhi lina umande nje na jasho la watu ndani, nawe unalikunja hivyo hivyo kwa sababu huwezi kuondoka bila kulikunja. Ukifika nyumbani umechoka, unasema kesho. Kesho una kazi. Mimi nilisema kesho siku tano. Nilipolifungua godoro lilikuwa na madoa meusi upande wa chini na harufu kama ya kapu la nguo mbichi. Siki, jua, sabuni, wapi. Godoro nikalitupa. Hewa yetu hii haikupi siku mbili, kwa hiyo ukirudi, fungua hapo hapo, hata kama ni usiku.

La tatu, usiegeshe chini ya mnazi. Nazi ina macho matatu na bado haitazami inapoangukia.

Niliuza. Sikujuta kulinunua wala sikujuta kuliuza.

MamaWatatu

Nyote mnasema boliti na upepo. Aliyemuuliza mke wa huyu bwana ni nani?

Mimi nimelala kwenye hilo hema, la shemeji yangu. Sikilizeni. Ngazi ni ya karibu mita mbili, vyuma vyembamba vinauma nyayo. Mimi ni mtu wa buibui. Usiku, giza, upepo unavuma, mtoto wa miaka mitano anasema "mama mkojo". Nivae, nishuke kinyumenyume, nimpokee mtoto, nishike tochi kwa meno? Nilishuka mara tatu usiku mmoja. Mwenye hema hakushuka hata mara moja, akaamka anasema "usingizi wa huku juu ni mtamu sana".

Na wanne hamwenei. Hema la watu wawili ni la watu wawili. Binti atalala kwenye mbavu zako mpaka asubuhi.

Dabokebini

Mama Watatu, umemfurahisha mtu hapa nyumbani. Amesoma amecheka mpaka machozi, sasa ananiuliza "umeshajibiwa?"

Nimekwenda kupima. Ndani, godoro ni sentimita 140 kwa 240. Watu wazima wawili raha, na mtoto mmoja katikati kwa kubanana. Uzito nimeupata kwenye mizani ya stoo: kilo 58 bila ngazi, 63 na ngazi. Zipu mbili zimeshikwa na chumvi lakini zinafunguka nikizipaka mshumaa. Kitambaa ni kile kizito chenye pamba, hakijapasuka.

Mwenyewe ananiambia haya mahema yalianzia kwao, kwamba Autohome ya Italia ndiyo iliyoyauza tangu 1958. Nikamwambia basi linarudi kwao, alichukue. Akacheka, akashusha mpaka 80,000.

Sabaki_Moja

Nimepiga kambi Tsavo Mashariki mara nyingi, na hema la kawaida la kusimamisha chini. Watu wanadhani juu ya gari ndiko usalama kwa sababu ya simba. Kambi za umma kama Ndololo karibu na Voi, watu hulala chini kila wiki. Funga zipu, usiweke chakula ndani, usitoke toke usiku. Kinachokuja pale sana ni ndovu na nyani, na hao wawili hawajali umelala ghorofa gani. Ndovu ananusa matunda, na pua yake inafika juu kuliko ngazi yako. Maembe ya Marafa yaache nyumbani.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa: hema likiwa juu ya gari, gari imekuwa nyumba. Asubuhi mbugani ndiyo saa ya kuona wanyama. Mwenye hema la chini anaacha vitu vyake vimesimama, anawasha gari saa kumi na mbili kamili anaondoka. Wewe unakunja chumba kwanza. Jioni unarudi, unasimamisha tena. Siku tatu, mara tatu. Kwa msafiri anayehama kila siku, kama wale wanaokwenda mpaka Turkana, hema la juu ni tamu kweli kweli, maana kila jioni yuko mahali pengine na dakika kumi amelala. Kwa mtu anayekwenda kambi moja akakaa, linamfunga mguu.

Dabokebini

Hilo la Sabaki Moja ndilo limenikalisha chini. Mimi sihami kila siku. Mimi naenda nakaa.

Lakini kusoma si kuona. Nimekubaliana na jirani: ananiazima kwa safari moja, nikirudi ama nalipa ama nalirudisha. Fundi Maweni amenichomelea fremu (28,000 imekwenda, hiyo hairudi 😅). Tunatoka Ijumaa.

Fundi_Maweni

Fremu hata bila hema utaitumia kwa mabomba ya mita sita. Hujapoteza. Kaza boliti kila kilomita 50, usiamini neno langu wala la nailoni.

Dabokebini

Tumerudi. Nawapa kama ilivyokuwa.

Tulitoka Malindi alfajiri. Kabla ya safari gari ilikuwa inanipa kilomita 11 kwa lita. Safari hii imenipa 10 kasoro. Si vibaya, fundi alisema kweli. Sauti ndiyo tatizo. Kwenye lami kimya. Tulipoanza kugonga mawimbi, kitu nyuma kikaanza kulia ng'ing'i ng'ing'i, binti akakifanya wimbo. Nilisimama getini Sala kukaza. Boliti moja ilikuwa haipo. Fundi, ilikuwa ile niliyoifunga mwenyewe, si yako.

Ndani ya mbuga njia inafuata mto Galana. Kijana wangu hakuamini nilipomwambia ndio Sabaki ule ule unaochafua bahari yetu mvua zikinyesha bara. Tulisimama Lugard's Falls, maji yanapita kwenye miamba iliyochongwa kama mabakuli. Nikafikiria, tope lote hili linakwenda kwetu. Mamba tulimwona chini kidogo, amekaa tu.

Ndololo tulifika saa kumi jioni. Kufungua hema: dakika saba, na majirani wa kambi walikuja kuangalia. Sitadanganya, nilijisikia. Watoto walipanda na kushuka ngazi mara mia. Nilitafuta mahali tambarare, nikaweka jiwe chini ya tairi moja, na bado usiku sote tukateremkia upande mmoja. Mteremko usiouona kwa macho mgongo unauona.

Kulala tuligawana: mke na binti juu, mimi na kijana nyuma ya gari, chini ya lile hema, kwenye bodi, tumefunga turubai pembeni na chandarua ndani. Na hapa ndipo pameniharibia hesabu zote. Kule kwenye bodi nimelala vizuri kuliko nyumbani! Godoro la inchi nne, miguu imenyooka kwa kukingamia, upepo unapita, hakuna ngazi. Kijana akauliza, "Baba, kwa nini hatukulala huku tu sote?" Nikamwambia alale.

Saa nane akaja ndovu. Peke yake. Mbalamwezi ilikuwapo. Alipita kama kutoka hapa mpaka kwa huyo jirani wa pili, na sikusikia hatua, nilisikia tumbo. Linaunguruma kama lori lililo mbali. Akasimama, akavunja kitawi, akatafuna, akaenda. Kijana amenishika mkono mpaka kucha zimeniingia. Juu, mke wangu hakuuliza kitu. Asubuhi ndipo akaniambia alikuwa ameamka, alimwona ndovu mgongo wote kwa dirisha la juu, na kwamba hajapata kuona kitu kizuri namna ile maishani mwake. Halafu akasema, "Lakini kuhusu kukojoa, Mama Watatu amesema kweli tupu." Walikuwa na ndoo.

Asubuhi, kama Sabaki Moja alivyosema. Wale majirani waliondoka saa kumi na mbili. Sisi tulikuwa tunakunja hema lenye umande, kifuniko hakifungi, zipu ile ya chumvi imekataa, mshumaa nimeusahau. Tulitoka saa moja kasorobo. Wao walimwona simba. Sisi tulionyeshwa picha.

Tulirudi Jumapili usiku. Nikalifungua hema pale pale, Mwana wa Mambrui, kwa ajili yako. Vumbi jekundu lilikuwa limepenya hata ndani ya mto.

Jumatatu asubuhi ndiyo imeamua. Nina mabati ya mita tatu ya kupeleka Gongoni. Hema liko juu ya bodi, mabati hayaingii chini yake yakakaa sawa. Kulishusha kulitaka watu wanne, na tulikuwa wawili. Nikazunguka kutafuta vijana, wakaja saa nne, wakalishusha, mteja amenipigia simu mara sita. Fundi alikuwa ameniambia nifunge kapi kwenye boriti ya banda nilivute juu kwa kamba, na ni kweli ingesaidia, ila banda langu ni la makuti, boriti ni mikoko ya siku nyingi. Siliamini.

Nikakaa na mke tukahesabu usiku. Shule zikifunga, mara tatu kwa mwaka, tukijitahidi sana usiku sita au saba. Gari kazini siku 300. Hema limerudi kwa mwenyewe, na nimemlipa shukrani ya 3,000 na kapu la maembe.

MamaWatatu

Msalimie huyo mwenzio. Mwambie ndoo iwe na kifuniko.

Sabaki_Moja

Kwa hiyo sasa utalala bodini?

Dabokebini

Ndiyo. Ile fremu ninabaki nayo. Wiki ya kazi inabeba mabomba, safari inabeba turubai. Fundi Maweni ananiwekea vijiti viwili vya kukunja pembeni turubai litoke kama baraza, na chandarua cha kushona kwa kipimo cha bodi, upande wa nyuma kiwe na zipu. Watoto na mama yao ndani ya gari au hema la chini, watachagua wenyewe. Yote haijafika 15,000.

Mwana_wa_Mambrui

Na lile hema la Mtaliano, bado lipo? Nina rafiki ana Land Cruiser anakodisha kwa wageni, hana mzigo wa mabati yeye.

Dabokebini

Lipo. Mwambie afike na mshumaa na washa za plastiki. Bei usiseme mimi niliambiwa 80,000, aanzie 70. Na niombee akilinunua aniwekee wiki moja ya mwezi wa nane, binti amelia siku mbili anataka "nyumba ya ngazi".

BintiAmu

Haya. Na kwa mamamkwe mwaja lini?

Dabokebini

Alhamisi. Kwa basi.